Jitu la Chuma Lililorithi Jina la Babu

Shule niliiacha kidato cha pili. Hakukuwa na mkasa wowote. Dirisha lilikuwa wazi na nje lilikuwa linapita lori. Tangu hapo nimekata mkonge, nimeosha mchanga wa dhahabu Handeni bila kuiona dhahabu, nimeuza machungwa kwenye madirisha ya mabasi mpaka siku moja nikapanda basi lenyewe na kapu langu, nione linakokwenda. Lakini kazi iliyonishika muda mrefu kuliko zote ni ile ambayo hata leo nikiieleza watu hudhani natania. Nilikuwa nayapa majina majitu ya chuma.

Ilikuwa Kwamndolwa, pembeni ya mji wa Korogwe, kwenye kibanda umiza, banda la video lililokuwa zamani ghala la mahindi. Mwenyewe alikuwa bibi mmoja mjane, aliyekaa mlangoni akikaanga karanga na kusikiliza filamu kwa sikio moja. Mimi nilikaa kando ya televisheni na kipaza sauti, nikitia maneno ya Kiswahili kwenye filamu za nje. Watu waliniita dije. Kiingereza changu cha kusoma maandishi ya chini kilikuwa cha kidato cha pili, na kamusi yangu ilikuwa imeliwa na mchwa kuanzia herufi ya T. Neno lolote la huko mwisho nililibuni.

Ndipo ikaja tamthilia ya vita, sehemu nyingi kwenye flashi moja. Majitu marefu kuliko mnara wa simu, kila moja na mtu kifuani akiliendesha, yanapigana kwa sababu ambayo mpaka leo sijaielewa. Vita havikunisumbua. Yaliyonisumbua ni majina. Kila jitu lilikuwa na herufi na namba begani. La kwanza KT-4. Lililofuata KT-4B, yaani lilelile lakini lina pembe, la kamanda. Halafu KT-4B ya Jangwani, ya Majini, Iliyoboreshwa, Iliyoboreshwa Upya, na moja liliitwa la Majaribio ingawa lilikuja mwisho. Mpangilio ule niliupenda kuliko filamu yenyewe. Nikauchora kwenye daftari, mshale kwa mshale, na siku ya kwanza nikausoma kwenye kipaza sauti kama ulivyo.

"Ngoja kwanza, dije," akasema mkulima mmoja wa mstari wa mbele. "Hiyo KT-4B ni mbegu ya mahindi?"

"Si mbegu, mzee. Ni jitu."

"Inakomaa siku ngapi?"

Banda zima likacheka. Mwingine akaapa aliipanda msimu uliopita ikaliwa na viwavi.

Siku ya mnada nikaipeleka televisheni Handeni, nikaifunga chini ya turubai karibu na zizi la mnadani, nikidhani wafugaji watanielewa zaidi. Mfugaji mmoja wa Kimasai, mtu mzima, shuka begani na fimbo mapajani, aliangalia kwa makini mpaka KT-4B ya Jangwani ikatokea. Akaniuliza hiyo dawa ya kupe inachanganywa na maji kiasi gani.

"Si dawa, mzee. Ndilo jina lake."

"Ero, kijana, hilo si jina." Alisema kwa upole, kama mtu anayemsahihisha mgeni anayekula kwa mkono wa kushoto. "Mnyama unamtazama. Ngozi yake rangi gani, pembe zimekaaje. Halafu unauliza, mama yake nani?"

"Haya hayana mama. Yanatoka kiwandani."

"Basi kiwanda ndicho mama."

"Na baba?"

"Baba hatumuulizi sana. Madume yanatembea."

Nikarudi Korogwe na kanuni hiyo mpya. Jitu la kamanda nikaliita Kijivu wa Pembe Pana, la jangwani Mwekundu wa Kisogo, la majini Madoa. Watu wakayashika mara moja. Ila bibi mwenye banda aliingia ndani siku hiyo na kikaangio mkononi, akasimama mbele ya televisheni akiwaziba watu.

"Rangi si ukoo," akasema. "Huyu wa kwanza aliyekufa sehemu ya pili, ni babu. Huyu mwenye pembe ni mtoto wake. Na huyu aliyetoka leo, mtazameni usoni. Ana sura ya nani?"

Tukatazama. Kweli, ile Iliyoboreshwa Upya ilikuwa imeondolewa pembe, ikarudi na uso wa lile la kwanza.

"Ya babu," watu wakajibu.

"Basi apewe jina la babu. Mtoto harithi jina la baba yake, baba bado yuko nalo. Jina linaruka, linamwangukia mjukuu."

"Lakini bibi, babu yake hana jina. Ni KT-4 tu."

Akafikiri, karanga zikipoa. "Mpe la marehemu mume wangu. Naye alikuwa mkubwa, akitembea vyombo vinalia kabatini."

Nikampa. Jina lenyewe sitalitaja hapa, na sababu itaonekana. Tangu siku hiyo kanuni zikawa mbili kwa pamoja: jina la ukoo kutoka kwa bibi na wakulima wenzake, rangi na pembe kutoka kwa wafugaji. Hapakuwa na jitu lililotoka kiwandani ambalo halikujadiliwa. Bibi aliacha kukaa mlangoni. Alikaa mbele kabisa, na lile jitu lilipotokea alilitania kama bibi anavyomtania mjukuu aliyerithi jina la babu yake: "Mume wangu huyo! Umechelewa wapi? Na huo moto mgongoni umeutoa kwa mwanamke gani?" Watu walikuja kumsikiliza yeye kuliko mimi. Flashi zikanakiliwa, sauti yangu ikafika Kerenge, ikafika Mashewa.

Mashewa ndiko alikokuwa akiishi mtoto wa kiume wa bibi. Mkewe akajifungua. Wajukuu wote wa bibi waliotangulia walikuwa wasichana. Huyu alikuwa wa kiume. Bibi alipopata habari alizima jiko, akavaa khanga mpya, akasema, "Sasa mume wangu amerudi kweli."

Siku ya pili yule mwanawe alikuja na bodaboda. Hakukaa.

"Shikamoo, mama. Lile jina haliwezekani."

"Marahaba. Haliwezekani vipi?"

"Juzi nimepita gengeni, watu wanasema fulani ameanguka juu ya daraja, amelivunja, sasa anabadilishwa miguu. Nimesimama na pikipiki yangu nikijua wanamsema marehemu baba. Kumbe ni hili lidude lenu! Mwanangu akiitwa hivyo shuleni watamuuliza mota yake iko wapi."

"Ni mchezo tu huo."

"Mchezo ndiyo, lakini jina limekwishachukuliwa. Siku ya saba ni akika. Mpaka siku hiyo watu wakiwa bado wanaliita lile dude la chuma kwa jina la baba, mimi namtafutia mtoto jina jingine."

Akaondoka. Bibi alikaa juu ya gunia la karanga.

"Mume wangu hakupenda kupigwa picha," akasema. "Sina hata moja. Nilichobaki nacho ni hilo jina, nawe nilikupa mwenyewe uliweke kwenye televisheni."

Nilitaka kusema pole, nikaona ni neno dogo. Nikasema tutalivua.

Kuvua jina si kazi ya kutangaza tu. Nilijaribu, siku hiyo nzima nilisema "Kijivu Mpya, Kijivu Mpya" mpaka koo likakauka, na watazamaji wakaendelea kuliita kwa jina la marehemu, tena kwa mapenzi. Bibi ndiye aliyepata njia. Alisema mwanawe yule alipokuwa mchanga alilia siku tatu mfululizo, mpaka wazee wakakaa mbele yake wakamtajia majina moja baada ya jingine. Lilipotajwa la kwake akanyamaza. Mtoto akilia hivyo jina alilopewa silo. Basi na jitu litajiwe majina mbele ya watu wote, lichague, nao washuhudie.

"Lakini bibi, jitu halilii."

"Halilii? Na kile king'ora?"

Kweli kulikuwa na sehemu ambapo jitu limesimama limejeruhiwa mbele ya kiwanda, na king'ora chake kinalia muda mrefu bila neno lolote. Niliijua sehemu hiyo kwa moyo, maana hapo ndipo nilipokuwa nakunywa maji. Nilijua king'ora kinakatika pale tu mwendeshaji anapopiga ngumi kwenye kioo. Nikaona hapo pana nafasi ya kumsaidia Mungu kidogo. Nikampigia simu yule mfugaji wa Handeni, akapanda basi akaja. Tukakubaliana: nikijikuna sikio, yeye anapaza sauti, "Kijivu wa Pembe Zilizokatwa!" Ngumi inapiga, king'ora kinakatika, kazi imekwisha.

Siku ya sita, baada ya adhuhuri, banda lilijaa mpaka watu wakakaa dirishani. Mtoto wa bibi alisimama mlangoni amekunja mikono. Bibi alikaa kwenye mkeka mbele. Nikabonyeza, king'ora kikaanza.

"Madoa Mdogo!" akaita mtu. Kikalia.

"Mweusi wa Mgongo!" Kikalia.

"KT-4B Iliyoboreshwa Upya!" akaita yule mkulima wa mahindi. Kikalia vilevile.

"Hata jina lake la shule halitaki," akasema mtu, watu wakacheka.

Mwingine akataka kutoa jina la baba mkwe wake. Binti wa huyo mkwe alikuwa amekaa nyuma yake, akampiga kwa kandambili. Hakuna aliyekubali kulipa jitu jina la nyumbani kwake, na majina ya ng'ombe yalikuwa yanakwisha. Mwendeshaji alianza kukunja ngumi. Nikajikuna sikio.

Mfugaji akafungua kinywa. Wakati huohuo bibi akainua mkono, na mfugaji akafunga kinywa. Nikajikuna tena, kwa nguvu. Akanionyesha bibi kwa kidevu. Baadaye aliniambia, "Yeyo ameinua mkono. Mtu hasemi juu ya mama."

Bibi akanigeukia. "Mjukuu wangu, una mtoto?"

"Sina, bibi."

"Una mchumba?"

"Sina."

"Kuna mahali unapokwenda?"

"Bado sijajua."

"Basi jina lako halina kazi." Akaigeukia televisheni, akaliita jina langu, na la baba yangu juu yake.

Ngumi ikapiga kioo. Kimya.

Vigelegele vilivyopigwa vilifika barabarani. Mfugaji alinipa mkono kwa heshima, kama mtu aliyepata mtoto. Mtoto wa bibi alikunjua mikono yake, akasema "Haya," akawasha pikipiki. Mimi nilikuwa bado nimeshika sikio. Ndipo nikakumbuka kwamba sehemu ile bibi alikuwa ameiona mara nne, na kila mara alijiziba masikio kwa khanga, akaiondoa sekunde moja kabla king'ora hakijakatika.

Kesho yake nilikula nyama ya akika Mashewa. Mtoto alilia alipokuwa akinyolewa, wakamtajia jina la babu yake, akapiga chafya, akalala. Bibi akamwinamia akasema, "Umechelewa wapi?" Hakusema zaidi.

Sehemu ya mwisho nilikuwa nimeitazama mapema, na kwa wiki kadhaa nilikuwa nawaza nitamwambiaje bibi kwamba mumewe atakufa tena. Sasa haikuwa shida yake. Niliisimulia Handeni siku ya mnada, chini ya turubai: nilivyozingirwa, nilivyokatwa mkono wa kulia, nilivyoanguka juu ya kiwanda kilichonizaa. Nilijisimulia vizuri. Wafugaji wawili walivua kofia.

Nimehama mara nyingi tangu hapo. Mwaka huu nilipita Kerenge nikasimama kunywa chai, mama muuzaji akaniuliza naitwa nani. Nikamwambia. Akaacha kumimina.

"Jina zuri hilo," akasema. "Umelirithi kwa lile jitu?"

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ni babu yangu."