Kifua cha Baba na Posa ya Kolo

Baba yangu alikuwa akifa kila Ijumaa, baada ya chakula cha mchana. Nasema hivi nikiwa na akili zangu timamu. Anarudi msikitini mzima, anakula, anajinyoosha chali kwenye kitanda cha kamba barazani, na punde si punde unasikia, "Jamani, kifua! Moyo unanipasuka! Nisomeeni!" Basi mama anaacha vyombo, mimi naacha mtungi, majirani wanakuja mbio, tunamzunguka na kumsomea Yasini. Alasiri ikiadhiniwa, marehemu anainuka kwenda kuswali.

Zilikuwa zama za Mdachi, hapa Dodoma, wakati reli inatukaribia kutoka pwani. Baba alikuwa na duka la nguo na chumvi, alilorithi kwa babu aliyekuja na misafara. Zamani tulikula ugali wa uwele na mlenda kama Wagogo jirani zetu, na nyama tuliiona sikukuu. Vibarua wa reli walipoingia, duka likachangamka, baba akaanza kununua kondoo. Alichokipenda hasa ni mkia, ule mnene wa mafuta matupu, ukaangwe kwa pilipili. Mkia mzima, peke yake! Akimaliza, kahawa. Akimaliza kahawa, chali.

Angekuwa anakufa tu, ningevumilia. Lakini mtu anayekufa ana mambo ya kuweka sawa, na jambo la baba lilikuwa mimi. "Siwezi kuiacha dunia binti yangu hajasitirika," akasema Ijumaa moja, mkono kifuani. Akatuma mtu Kolo, upande wa Kondoa, kwa rafiki yake mwenye duka la asali na ngozi, mjane aliyekuwa ameniposa mwaka uliotangulia. Posa ile baba mwenyewe aliikataa, akisema yule ni mzee mno. Sasa akamtumia ahadi kwamba nitakuwa mkewe, aje upesi kabla yeye baba hajazikwa.

Mimi sikumtaka. Nilishamwona alipokuja dukani, ndevu nyeupe tupu, akimsemesha baba kama anasema na mdogo wake. Nililia mpaka mama akaniambia nibakishe machozi kidogo, huenda baba akafa kweli.

Mama ndiye aliyemshurutisha aende kwa daktari wa boma. Mdachi akamwekea kijibomba kifuani, akasikiliza mbele, akasikiliza nyuma, akasema kwa mkalimani kwamba moyo ni mzima, aende zake. Baba akarudi amenuna. "Hata hakuniuliza naumwaje! Moyo wangu ataujulia wapi?" Hapo alikuwa na haki yake. Kuambiwa kwamba huumwi moyo si sawa na kuambiwa unaumwa nini.

Ndipo akaitwa tabibu wetu, mzee aliyekuwa akiitibu nyumba yetu tangu enzi za babu, na aliyejua nani kati yetu ana pumu na nani anajisingizia. Huyu hakuwa na haraka. Alimuuliza baba maumivu yanaanzia wapi, yanakuja akipanda mlima au akilala, akiwa na njaa au akishashiba. Akamminya mbavu moja baada ya nyingine. Asubuhi yake, kabla baba hajatia kitu mdomoni, akampandisha kilima cha mawe nyuma ya nyumba na furushi la chumvi begani. Baba akafika juu akipiga kelele kwamba ameona punda wa jirani ameingia shambani kwetu. Kifua hakikusema neno.

Mchana tabibu akaagiza mkia ukaangwe. Baba akala, akalala chali, tabibu akakaa kando anazungusha tasbihi yake. Sisi nasi tukangoja. Haikuchukua muda: "Jamani, kifua!"

Tabibu hakusoma Yasini. Alikoroga magadi kidogo kwenye maji, akamketisha baba wima, akamnywesha. Baba akacheua kwa kishindo, mbuzi wakashtuka uani. Kisha akakaa anajipapasa kifua, akitafuta maumivu yamekwenda wapi.

"Kiungulia, bwana," tabibu akasema.

"Kiungulia? Maalim, mimi nimekwisha kuusia! Nimeagana na watu msikitini!"

"Mshukuru Mungu, basi. Kula kidogo kidogo. Mkia uache, pilipili uache, kahawa uache. Ukila usilale mpaka chakula kishuke, na usiku weka mawe chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa. Nitapita wiki ijayo nikuangalie."

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, narukaruka kama ndama. Nimepona! Yaani baba amepona, lakini aliyepona hasa ni mimi. Mama akasema, "Alhamdulillahi. Leo hii tutume mtu Kolo, bwana yule asijisumbue."

Baba akauliza, "Tumwambie nini?"

"Kwamba umepona."

"Nimepona nini?"

Mama akayatazama magadi yaliyobaki.

"Mji mzima unajua moyo wangu unapasuka," baba akasema. "Nimeombewa dua mbele za watu. Leo niseme ulikuwa mkia wa kondoo? Nitapita njia gani mimi? Watoto watanicheulia barabarani!"

"Kwa hiyo mwanao aolewe ili wewe usichekwe?"

"Ahadi ni deni."

"Ahadi umeitoa ukiwa unakufa. Hufi, bwana!"

"Ahadi ni deni."

Tabibu akajaribu. Akamwambia mficha maradhi kilio humfichua, na hakuna aibu katika tumbo. Baba akamjibu kwamba ameitwa kutibu kifua, hakuitwa kuozesha, na la kifua libaki baina yao. Maskini tabibu akafunga kisanduku chake, akaniangalia pale mlangoni, akaondoka. Kazi yake aliifanya sawasawa. Nilimchukia baba siku ile, nasema wazi, na sikumchukia kidogo.

Na mjue kwamba dawa aliifuata! Hilo ndilo lililonichoma. Mkia aliuacha, kahawa aliiacha, mawe aliyaweka kwa mikono yake mwenyewe, na tabibu alipopita wiki ya pili alimkuta baba ananawiri. Wageni wakija ndipo anaposhika kifua na kuguna. Wakiondoka anaagiza uji. Bwana wa Kolo akafika, mahari yakatolewa, ndoa ikafungwa, na watu wakamsifu baba kwa kuwa amekumbuka kumsitiri mwanawe katika hali ile.

Siku ya kuondoka akashikilia kutusindikiza hadi Haneti. Mimi juu ya punda. Mume wangu nyuma, anahema, anasimama baada ya kila kilima kujifuta jasho. Mbele yetu baba, fimbo mkononi, anapiga soga na wapagazi, na wapagazi wanamwomba apunguze mwendo. Tulipoingia Haneti, wenyeji wetu wakampa baba mkono wa pongezi, wakidhani bwana harusi ni yeye.

Asubuhi ya kuagana alinishika kichwa akaniombea dua, na machozi yalimtoka ya kweli, hilo silikatai. "Mwanangu," akasema, "sasa hata nikifa leo, moyo wangu umetulia."

"Baba," nikamwambia, "wewe hufi. Anayekwenda ni mimi."

"Amina," akaitikia kwa mazoea. Akachukua fimbo yake, akashika njia ya Dodoma, na mwendo wake ulikuwa ule ule wa haraka.