Asali Ni Safi, na Bado Nakataa

Nakumbuka asubuhi moja kule Mulanda, mwanangu, nilipogombana na mama mkwe wangu kwa ajili ya kijiko cha asali. Nilikuwa nimeolewa juzijuzi kutoka Lumino, na Owori, kifungua mimba wangu, alikuwa hajaota hata jino. Alikuwa anakohoa. Bibi yake akaja na chupa ya asali aliyoirina mwenyewe.

Nikakataa. Muuguzi wa kliniki alikuwa ametuonya tusimpe mtoto asali kabla hajatimiza mwaka.

“Wewe nafikiri hii ni ile ya Malaba, ya kuchanganya sukari?” akaniuliza. Akachovya njiti ya kiberiti ndani ya asali, akaikwaruza. Ikawaka. “Umeona? Safi!”

Kila mnunuzi wa asali huku mpakani anaujua mtihani huo: asali ikichanganywa, njiti haiwaki. Ila nikamjibu, “Mama, kiberiti kinajua maji na sukari. Ugonjwa hakiujui.”

“Basi wewe naita mimi mchawi!”

Mume wangu akawa anatazama viatu vyake, kazi ambayo wanaume wanaiweza sana. Niliogopa, sikufichi. Ningeweza kurudishwa kwetu. Lakini mtoto ni wangu, na akizikwa nitakayelia maisha yangu yote ni mimi. Nikamfunga mgongoni, nikampeleka kliniki kikohozi chake kikatazamwe.

Mama mkwe alininunia miezi mingi. Salamu yangu aliipokea akiangalia kuku. Sikuomba msamaha, na leo pia siombi.

Owori alipotimiza mwaka, bibi yake alikuja na chupa ileile. Aliitunza muda wote huo. Akaiweka mbele yangu. “Sasa?”

“Sasa mpe, mama.”

Akamlambisha kwa kidole chake mwenyewe. Mtoto akacheka, bibi akalia, na mimi nikalia pia. Asali ilikuwa tamu vilevile.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Hata asali safi kabisa huweza kuwa na vijidudu visivyoonekana. Sisi wakubwa havitusumbui, lakini tumboni mwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka vinaamka na kutoa sumu. Choo kinafunga, kilio kinafifia, shingo inalegea, kunyonya kunamshinda, hata pumzi. Usiseme utaichemsha, havifi kwa moto wa jikoni. Usiitie kwenye uji wala kumpaka mdomoni. Na kama alishapewa ukaona dalili hizo, mkimbize hospitali, usingoje kesho.

Watakuita mjeuri. Itikia! Asali haiharibiki ikingoja mwaka mmoja, na heshima ya mkwe nayo itangoja.

Mungu akupe ulimi mgumu mtoto wako anapokuhitaji, na akufikishe siku ya kumlambisha ukiwa unacheka.