Maji ya Kifuani

Asubuhi hiyo jahazi letu lilikuwa limetia nanga mbele ya Ras Kitau. Nilikuwa nimechuchumaa kwenye jiko, namimina chai, bakuli likaniponyoka. Nikataka kuliokota, mkono wa kushoto haukwenda. Sikusikia maumivu yoyote, na hilo ndilo lililonishangaza kwanza, kwamba jambo kubwa namna hiyo laweza kumfika mtu bila kumuuma. Nikafungua kinywa nimwite nahodha, ikatoka sauti ya mtu aliyejaza tende mdomoni. Wenzangu wakacheka. Nilikuwa na mazoea ya kuwachekesha, wakadhani naigiza mtu. Kisha nikaanguka ubavu, wakanyamaza.

Walinipeleka Mbwajumali kwa dada yangu mkubwa, aliyeolewa huko na kufiwa na mumewe huko. Mimi sikuwa na nyumba. Chuoni nilitoka kabla sijafika nusu ya Kurani, kwa sababu nilimsikia baharia mmoja akisimulia mji ambao watu wake hulala juu ya mapaa, nami nikataka kuuona. Niliuona. Baada yake nikataka kuona mwingine. Tangu siku hizo sikulala mwaka mzima mahali pamoja, na kazi yangu ya miaka ya mwisho ilikuwa kwenye jahazi hilo la boriti: kuibeba mikoko begani kutoka ufukweni na kupita nayo juu ya ubao mwembamba hadi ndani ya chombo. Mtu apitaye juu ya ubao ule na boriti mbili begani hafikiri juu ya miguu yake. Akifikiri, ameanguka.

Nahodha mwenyewe ndiye aliyenishika kichwa wakati wa kunilaza kitandani. Akaniinamia, akasema, "Ukisimama, bwana, mahali pako papo. Tutarudi kupakia huku, nitapita nikutazame."

Nikayashika maneno hayo. Nilikuwa sina kingine cha kushika.

Mwalimu wa kijiji akaja, akaandika aya kwenye sahani kwa zafarani, akazisafisha kwa maji ya waridi, nikayanywa. Akasema ni kiharusi, na kwamba Mungu akipenda mguu utarudi kabla ya mkono. Jirani mmoja, mwanamke mwenye sauti ya kupenya ukuta, akasema si kiharusi, ni shetani wa baharini, na shetani huyo hatoki bila ngoma na mbuzi.

"Shetani akitaka mbuzi na afuge wake," dada akamjibu. "Mimi nina mbuzi watatu na mgonjwa mmoja."

Hakuwa na muda wa ngoma. Wale waliolima shamba la marehemu mumewe walikwenda zao watumwa walipoachwa huru, naye akabaki na jembe, mtama na ufuta wa kupalilia peke yake. Alfajiri alinilisha uji, akaniegemeza ukutani kama mtu aegemezavyo mchi, akaenda shamba. Nilikaa hapo hadi arudi.

Ulimi ulirudi kwanza, na dada akasema ingefaa ungekawia. Kisha goti likaanza kukaza. Nikaweza kusimama nimeshika ukuta, kisha kusimama bila ukuta, lakini kusimama kwenyewe hakukuwa kule nilikokujua. Ardhi ilikuwa ikiniondokea polepole upande wa kushoto, na kila nilipoifuata nikajikuta naanguka. Kidole cha mguu kilijikwaa pasipo na kitu. Kiatu kilinivuka nisijue, nikarudi kitandani na kimoja. Jambo la ajabu kuliko yote nililiona wakati wa kutawadha. Nimesimama vizuri, nimetegemea mtungi kwa nyonga, nikajipaka maji usoni nikafumba macho, papo hapo nikawa chini. Nikajaribu tena nimeketi. Kila nikifumba macho, mguu wa kushoto hupotea. Sijui uko mbele au nyuma, umekunjwa au umenyooka. Nilikuwa na mguu kwa muda wa kuutazama tu.

Nikaanza kuwatazama watu wakitembea, maana sikuwa na kazi nyingine. Niliona wanawake wanaotoka kisimani na mitungi kichwani hawatazami chini kabisa. Nikaona mtu hawezi kuinua mguu mmoja mpaka amwage uzito wake wote juu ya mwingine, jambo nililolifanya maisha yangu yote bila kuambiwa. Nilijua sasa namna ya kutembea kuliko mtu yeyote Mbwajumali, na sikuweza kufika mlangoni.

Ni dada aliyenipeleka baharini, si kwa dawa, kwa kuwa nilinuka. Alichoka kunichotea maji ya kuoga. Siku ya maji kujaa akanishika kiuno, tukateremka pwani, akaniingiza mpaka maji yakafika kifuani, akaniachia ili ajitengeneze leso. Sikuanguka. Nikahisi maji yamenibana pande zote, mbele, nyuma, ubavuni, kama watu waliosongamana. Nikapeleka mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Ukaja. Ulikuja mwepesi, ukatua mchangani, nikapeleka wa kulia tena. Nikatembea kutoka kwenye mkoko mmoja hadi mwingine, nikageuka, nikarudi. Nililia, na kwa kuwa uso wangu ulikuwa umelowa dada hakujua, au alijifanya hajui.

Tangu siku hiyo kila maji yalipojaa nilikuwa baharini. Nilijikokota kwa matako mpaka ukingoni nikiwa peke yangu, nikaingia. Huko nilikuwa mzima. Nilitembea kinyumenyume, nilitembea nimefumba macho. Jirani yule aliponiona kutoka mbali, kichwa na mabega yakipita sawasawa juu ya maji, akapiga vigelegele, akatangazia kijiji kizima kwamba shetani amekubali kuondoka bila mbuzi.

Dada hakupiga vigelegele. "Baharini hatembei mtu," aliniambia akipepeta mtama. "Baharini mtu huelea. Nti kavu ndiyo ndia ya miguu. Njoo utembee hapa uani."

"Nitatembea."

"Lini?"

"Mguu ukizoea."

"Utazoea maji," akasema.

Nilimkasirikia. Uani nilianguka mara ngapi mbele ya mbuzi wake! Nilijiambia mguu unajifunza huko na utakuja na elimu yake nchi kavu wenyewe. Nikaacha kabisa kujaribu uani. Miezi ikapita hivyo, nami nikihesabu majahazi, si siku.

Nahodha alikuja mchana, katika siku za bamvua, wakati bahari hujaa kupita kiasi na kupwa kupita kiasi. Nilikuwa majini. Nilimwona akishuka kutoka upande wa nyumba za watu, kanzu nyeupe, fimbo kwapani, nikampungia mkono wa kulia na kupiga kelele:

"Karibu, nahodha! Nitazame!"

Nikaenda, nikageuka, nikarudi. Nilitembea vizuri kuliko siku zote. Akasimama ukingoni akinitazama na mkono juu ya macho kwa jua.

"Mashaallah," akasema. "Mashaallah, bwana."

"Umeona?"

"Nimeona."

Akaketi juu ya gogo, akaweka fimbo magotini. Nilidhani atasema siku ya kuondoka. Badala yake akaniuliza hali ya dada, hali ya mvua, kama ufuta umetoka. Nikamjibu. Nikamuuliza habari za wenzangu, akanieleza mmoja mmoja: huyu ameoa, huyu amevimba jino, huyu amepigana na Mwarabu mmoja Kismayu kwa sababu ya kuku. Tulicheka sana juu ya kuku. Nilijiona niko jahazini tayari.

Maji yalikuwa yameanza kupwa. Nililijua hilo kwa kifua changu, kilichotoka nje. Nikarudi nyuma hatua chache, yakanifunika tena.

"Mbona wakimbia?" nahodha akauliza.

"Kuna joto huko!"

Akachora mchanga kwa fimbo. Kisha akaanza habari nyingine, ya bei ya boriti, na ya tajiri mmoja asiyelipa. Maji yakashuka kiunoni. Nikarudi nyuma tena. Sasa ilinibidi nimjibu kwa sauti kubwa.

"Nini?" akaita.

"Nasema, mtajaza lini?"

"Tumekwisha jaza!"

"Mwaondoka lini?"

Sikusikia alichojibu. Huenda hakujibu. Nilikuwa nimeuacha mchanga mgumu, miguu yangu iko kwenye majani ya bahari, na nyuma ya majani hayo ni tope. Nililijua tope hilo. Lakini nchi kati yangu na yeye ilikuwa inazidi kuwa ndefu, imelowa, inang'aa, na kila kidogo niliporudi nyuma niliiongeza. Kama ningetoka mwanzo, ningekuwa na hatua tano za aibu. Sasa ulikuwa uwanja mzima.

Nikaingia topeni. Mguu wa kulia ulizama nikautoa. Wa kushoto ulizama, ukakaa. Nikauvuta, haukuja, na ardhi ikaanza kuniondokea kama kawaida yake. Nikaketi. Maji yalinifika shingoni nilivyoketi, basi nikajifanya naoga. Nilijimwagia kichwani, nikajisugua kwapa, nikapiga kelele kwamba maji ya huku ni mazuri.

 Nahodha alikuwa ameketi vilevile. Niliendelea kuoga mpaka maji yalipokuwa tumboni, mpaka yalipokuwa mapajani. Hakuna mtu aogaye muda wote huo. Mwishowe bahari ikaniacha nimeketi juu ya tope kama kitu kilichosahauliwa na wavuvi, na kaa wadogo wakatoka mashimoni mwao kando yangu, wakaanza shughuli zao.

Ndipo akainuka. Akaipandisha kanzu, akaifunga kiunoni, akavua viatu, akaja. Alikuja moja kwa moja bila haraka, tope likimfika magotini. Akachuchumaa mbele yangu.

"Maji yamekwenda, bwana."

"Yamekwenda," nikasema.

Akaweka mkono wangu shingoni mwake. Akanitoa. Kanzu yake iliharibika yote. Wanawake waliotoka kuokota chaza wakatupisha wakitazama pembeni, kwa adabu, na adabu hiyo niliiona nzito kuliko kucheka. Nyuma yetu mguu wangu ulichora mstari mmoja mrefu kutoka topeni hadi mchangani.

Kwenye mlango wa dada palikuwa na mkeka wangu wa kulalia jahazini umeviringishwa, na ndani yake nguo zangu, birika langu, na kisu changu. Nikamtazama dada.

"Aliviweka kabla ya kushuka pwani," akasema taratibu.

Nahodha alikuwa akijikwangua tope miguuni kwa kipande cha kifuu, hakuinua kichwa. "Nimechukua mtu mwingine," akasema. "Kijana wa Kiunga. Singeweza kwenda na pengo miezi yote hii."

"Mbona hukuniambia kule kule?"

"Nilikuwa nikingoja utoke." Sasa akanitazama, na nikaona macho yake yamekuwa mekundu, sijui kwa jua. "Nikasema, akitoka nitamwambia tukiwa tumeketi pamoja, si kwa kupiga kelele kama wauza samaki. Nawe hutoki. Nikasema, atatoka sasa. Nawe warudi nyuma."

Dada akaleta kahawa. Tukanywa.  Nahodha alipoondoka alinishika mkono wa kushoto, ule usioshika, akauminya, akaenda akiwa amebeba viatu vyake.

Sikushuka baharini siku iliyofuata. Nililala nimegeukia ukuta, na siku iliyofuata vilevile.  Dada alinilisha uji, akaenda shamba, akarudi, akazifua nguo zangu zilizonuka jahazi, akazianika uani pamoja na zake.

Siku ya tatu, au labda ya nne, nilimwuliza kisima chao kiko wapi.

"Hukijui?"

"Nimekijulia wapi? Nilikuwa nikija kwako kula tu."

Akafikiri. "Nyuma ya msikiti. Upite kwa jirani yule, upinde, upite michungwa."

Alipokwenda shamba nikasimama. Nilishika ukuta wa nyumba mpaka ukaisha. Palipoisha ukuta palikuwa na nafasi tupu kabla ya ukuta wa jirani, nafasi ambayo mbuzi huivuka bila kuiona. Nikamwaga uzito wangu wote juu ya mguu wa kulia, nikautazama wa kushoto, nikauburuta. Hewa haikunishika popote. Nilianguka katikati, nikatambaa kipande kilichobaki, nikajiinua kwenye ukuta wa pili. Nilifika pembe ya nyumba ya jirani. Kutoka hapo msikiti haukuonekana bado, na mguu ulikuwa ukitetemeka wenyewe kama mnyama. Sikuweza kwenda mbele wala kurudi. Nikateremka chini taratibu, nikaegemea, nikakaa juani nikiwangoja wanawake wapite na mitungi, nione wanatokea upande gani, mpaka dada aliporudi na jembe begani akanikuta.

"Umefika hapa," akasema.

"Nimefika hapa."

Akaliweka jembe chini, akaketi kando yangu apumzike kwanza kabla ya kuniinua.