Giaboksi Chotara

Kila nati fundi aliifungua kwa bismillahi yake, akaifuta kwa kitambaa, kisha akailaza taratibu juu ya mkeka wa mama, uani kwetu. Giaboksi ya lori langu, alisema fundi, ni chotara, imeungwa kwa malori mawili, na chotara hataki haraka. Siku ya tatu, wenzangu, maembe yangu yanalainika kule Vitengeni yakingoja lori, naye bado anagonga meno ya gia kwa ukucha na kusikiliza.

"Fundi, yataoza!"

"Taratibu, bwana. Itakwenda."

Alasiri akafunga nati ya mwisho. Nikapanda, nikatia gia namba moja, lori likaenda kinyumenyume mpaka likabomoa ukuta wa jiko. Fundi akajifuta mikono, kidole kimoja kimoja.

"Si nilikwambia itakwenda?" akasema kwa upole. "Mbele sikutaja."