Jina Lililofia Getini

Ukitaka kumjua Babu Geti usimtafute kwa jina alilopewa na wazazi wake. Hata mwalimu mkuu angekuna kichwa. Alikuwa bawabu wa shule ya msingi. Alikuwa na kibanda cha mabati chenye kiti kimoja na birika la chai, geti la kijani lenye mlango mdogo ubavuni, na mdomo. Jamani, mdomo! Mke wake alikuwa akisema kwamba siku Mungu alipogawa breki, mzee huyu alikuwa anaongea.

Kazi yake aliifanya kwa namna yake. Mabawabu wengine huwahesabu watoto. Yeye aliwapa majina. Kila aliyepita mlango mdogo alipokewa kwa lakabu, tena kwa sauti ya kuamsha mtaa. "Waziri, chomekea shati!" "Injinia, kiatu hicho kakufungia nani, mbuzi?" Watoto hoi kwa kicheko. Asiyekuwa na lakabu alijiona si mwanafunzi kamili, akamganda mzee mpaka apewe.

Basi kulikuwa na binti mmoja wa darasa la tatu, mpole, mtoto wa msusi wa mtaa wa pili. Huyo mzee hakumtungia jina. Aliwasikia wasichana wawili wa darasa la sita wakimwita Ndoo, nalo likamkaa mdomoni. Hata kuuliza hakuuliza. Alidhani ni utani, na utani kwake ulikuwa kama chai. Ikawa kila asubuhi, "Ndoo wangu huyooo! Pita mama, pita!" Mtoto anainamisha kichwa, anapita. Mzee akajisemea, huyu ana haya tu, atazoea.

Atazoea wapi! Mtoto akaanza kuchelewa, mara tumbo linamuuma, mara haonekani kabisa.

Asubuhi moja msusi akaja naye amemshika mkono, au tuseme anamvuta, maana miguu ya mtoto ilikuwa imegoma. Babu Geti akafurahi kwelikweli.

"Ndoo wangu! Ulipotelea wapi?"

Mtoto akajibanza nyuma ya gauni la mama yake.

"Shikamoo, baba," akasema msusi.

"Marahaba, mwanangu."

"Heshima yako nimekupa, sasa nisikilize. Mwanangu aliumwa tumbo darasani, akatapika kwenye ndoo ya kupigia deki, wenzake wote wanaona. Tangu siku hiyo wale dada wakubwa wanamwita Ndoo. Akipita wanagonga madawati. Begi lake wanalitumbukiza kwenye maji machafu. Nikamwambia, mwanangu, kamwambie mwalimu. Unajua alinijibu nini?"

Mzee akatikisa kichwa.

"Alisema, 'Mama, wameniambia hata Babu Geti ananiita Ndoo, kwa hiyo hakuna mtu mzima atakayenisikiliza.' Leo nimekuja kumwambia mwalimu mkuu namtoa shule."

Mdomo ule uliokuwa hauna breki ukakwama. Wahenga walisema mzaha mzaha hutunga usaha, na mzee alikuwa akiwasomea watoto methali hiyo kila wiki, kumbe usaha anautunga mwenyewe pale getini! Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Usimtoe leo, mwanangu. Nipe leo tu."

Akachuchumaa, magoti yakilia ko, ko, mpaka macho yake yakawa sawa na ya mtoto.

"Mjukuu wangu, nimekukosea. Nimekuita jina bila kukuuliza kama linauma. Linauma?"

Mtoto akaitikia kwa kichwa.

"Basi limekufa. Kwenye geti hili halipiti tena. Twende kwa mwalimu wa malezi, nikamweleze yote."

Mtoto akaliachia gauni la mama yake. Kisha, kwa sauti ndogo, akasema, "Twende. Lakini usiseme wewe. Nitasema mimi."

Hapo ndipo Babu Geti alipofanya kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya: alikaa ofisini akanyamaza. Mwalimu wa malezi alivuta kiti karibu, akasubiri bila haraka. Mtoto alianza kwa kunong'ona, akalia, akafuta machozi kwa mkono wa sare, akaendelea mpaka akamaliza. Mwalimu akamwambia, "Kosa si lako hata kidogo. Na umefanya vizuri sana kusema." Siku hiyohiyo wazazi wa wale wasichana wawili wakaitwa, na wakati wa mapumziko mwalimu wa zamu akawa hakai tena ofisini. Msusi akarudi saluni kwake peke yake. Mtoto alibaki shule.

Kesho yake mzee akaomba nafasi ya kusema mstarini. Mwalimu mkuu akaguna, akampa.

"Wajukuu zangu, utani unachekwa na wote wawili. Mmoja akicheka na mwenzake akaumia, halafu kesho tena, keshokutwa tena, huo si utani, ni uonevu. Mimi mwenyewe nimefanya, nikiwa na mvi zangu hizi!"

Waziri akanyoosha mkono. "Babu, tukisema si tutaitwa wachongezi?"

"Mchongezi anataka mwenzake aadhibiwe. Anayeomba msaada anataka maumivu yaishe. Mwambie mtu mzima. Akikupuuza, mwambie mwingine. Akikupuuza huyo, njoo kwangu. Tusumbueni, ndiyo kazi yetu!"

Akatangaza kwamba lakabu zote zimefutwa, na kila mtoto aseme mwenyewe anataka kuitwaje. Asubuhi iliyofuata foleni ilifika barabarani. Wengi walibaki na majina yao ya zamani. Waziri alijipandisha cheo, akataka aitwe Rais. Zamu ya mtoto wa msusi ilipofika, mzee akauliza kwa adabu, "Na wewe, mjukuu, nikuite nani?"

"Bado nafikiria," akajibu, akapita kichwa juu. Babu Geti akacheka mpaka akashika geti.

Kabla muhula haujaisha, mtoto wa msusi akafika kibandani wakati wa mapumziko. Safari hii alikuwa amemshika mkono mtoto wa darasa la kwanza, macho yamevimba kwa kulia.

"Babu, huyu kuna watu wanamnyang'anya chakula chake kila siku. Anaogopa kusema. Nimemwambia mimi pia niliogopa."

Mzee akainuka haraka, chai ikamwagika, naye hakujali. Akafungua mdomo aanze kuongea.

"Wewe usiseme, Babu," mtoto wa msusi akamwambia. "Utakaa naye tu. Mwenyewe atasema, na akishindwa nitamwanzishia."

Akatangulia kuelekea ofisini, wao wawili wakamfuata.