Chupa za Mvua za Jonah Kivuva

Jonah Kivuva ni mwana wa Ndululu, na Ndululu ni mwana wa Kisilu. Kisilu alikuwa mhunzi ambaye minyororo yake haikupata kukatika mikononi mwa mtu. Ndululu aliwasha taa za reli katika stesheni ya Makindu kwa miaka ishirini na sita, na hakuna treni iliyomkuta amelala. Hilo ndilo jina alilorithi Kivuva, na ndilo analolilia leo.

Saa moja asubuhi, Septemba hii ya 1993, ameketi mbele ya karakana yake nje kidogo ya Makindu. Juu ya mabati, paneli mbili za sola zinapigwa na jua la bure. Miguuni pake zimepangwa taa kumi na moja alizoziunda kwa mkono: mkebe wa maziwa, balbu ya tochi, swichi na betri ya pikipiki. Zote zimekufa.

Betri za namna hii hupungukiwa na maji, na hutaka maji safi tu. Maji ya kisima cha hapa yana chumvi, nayo huziua. Kwa hiyo kila mvua inaponyesha, Kivuva hutandaza shuka jeupe uani, akaikinga na kuitia katika chupa. Jamaa yake hunywa maji ya chumvi, chupa haziguswi.

Julai alikwenda Kitui kumzika dada yake. Karakana alimwachia mwanawe, Mulei, mwenye cheti cha chuo cha ufundi, akamwonyesha kabati la chupa. Wateja walipojaa mlangoni, Mulei alichota maji ya pampu ya kisima, akajazia betri zao.

Baada ya wiki tatu taa zilianza kurudi. Ya mwisho ililetwa na Kalondu, mkunga, ambaye alikataa kiti.

"Ilinizimikia mama akiwa katikati ya uchungu," alisema. "Mtoto nilimpokea kwa mwanga wa gazeti linaloungua. Mwana wa Ndululu, hata wewe?"

 Kivuva alimwita Mulei, akamuuliza alijaza nini.

"Nau, maji ni maji," Mulei alimwambia baba yake huku akicheka. "Hizo chupa ni mambo ya wazee."

Leo Mulei anauza mafuta ya taa kando ya barabara ya Mombasa. Wateja wake wa kwanza ni wenye taa hizi kumi na moja.

"Hicho cheti nilikilipia kwa mbuzi tisa," asema Kivuva. "Nimekisoma chote. Hakuna pahali imeandikwa asikize."

Ameuza baiskeli yake, akanunua betri moja. Ni ya Kalondu, na hatamtoza hata senti. Kumi zilizosalia atazitafutia moja moja. Shuka limefuliwa, chupa zimesuguliwa kwa mchanga. Anangoja mvua ya Novemba.

Nanyi vijana mnaosoma haya, mkiachiwa kazi na wazee wenu, ulizeni kwanza kwa nini inafanywa hivyo, ndipo mguse. Kalondu hakuwa na gazeti la pili.