Xaveri na Sumaku ya Kichwani

Inatangazwa kwa wanajumuiya wote, wenye akili timamu na wale wanaojidhania, kwamba ubongo wa Xaveri, mkulima wa hapa Litembo, umefunguliwa kwa sumaku! Hivyo ndivyo Frederick, mwenyekiti wa jumuiya na binamu yake, alivyotangaza baada ya sala, mkono kifuani, kana kwamba sumaku yenyewe ilitoka mfukoni mwake.

Xaveri ana skizofrenia. Sauti zilizokuwa zikimgombeza zilinyamazishwa na sindano ya kila mwezi. Kilichobaki ni akili kukatika njiani: anaanza kazi, katikati inamponyoka. Nyasi za ngolo, yale mashimo yetu ya mteremkoni, hupangwa mistari ya kushuka na ya kukatiza, katikati ikabaki miraba ya kuchimba udongo wa kuzifukia. Mwaka jana alizipanga, akasahau kuacha miraba. Akatandaza mteremko mzima kama mkeka. Wanawake walipokuja na majembe kufukia nyasi, hawakuona pa kuchimba udongo.

"Kaka Xaveri, hapa tulime au tulale?"

Dada yake mkubwa, Kunigunda, hakucheka. Alisema akikosea tena, shamba atalima Frederick.

Ndipo Xaveri akakubali kwenda mjini kwenye utafiti wa tiba ya sumaku. Siku ishirini alikaa kitini, kifaa cha mapigo ya sumaku kimeegemea kichwa chake, kikigonga kama kigogota. Dirishani palikuwa na ukuta tu, lakini yeye aliona ukungu ukipanda kutoka Ziwa Nyasa, ukaingia chumbani, ukalala magotini pake kama paka. Kila mgongo wa mlima ulikuja kumsalimia. Kila pigo lilidondosha unyasi mmoja, polepole, mahali pake.

Madaktari walimwambia wazi: wengine wanapewa sumaku ya kweli, wengine ya kuigiza, na hakuna atakayejua mpaka utafiti uishe. Kipande hicho Frederick hakukitangaza.

Machi ilipofika, watu wakaja shambani kutazama. Mama mmoja alileta kijiko aone kama kitamganda Xaveri kichwani. Frederick alikuja na futi kamba na buti mpya.

"Usijichoshe, binamu. Mimi nipo."

Xaveri akaanza. Mistari ya kushuka ikakaa vizuri. Kisha akasimama, nyasi mkononi, macho yamekwenda zake kule ziwani. Ukungu ukampita mabegani. Kunigunda akafumba macho.

"Za kushuka tayari," Xaveri akanong'ona. "Sasa za kukatiza."

Kufikia adhuhuri mteremko ulikuwa kama wavu mkubwa ulioanikwa, miraba kwa miraba, mpaka ukadhani mlima wenyewe unaelea chini yake. Kunigunda akaingia mraba wa kwanza, akachimba katikati, akafukia nyasi pembeni.

"Shamba ni lako, mdogo wangu."

Frederick akakunja futi kamba yake, akaona hotuba bado inawezekana. Akapanda juu kidogo.

"Ndugu zangu, tunashuhudia! Xaveri, waambie watu: ulijisikiaje ubongo ulipofunguka?"

Xaveri akamtazama miguuni.

"Kichwa kiliuma kidogo. Toka hapo, umekanyaga mstari."